Tumuulize Mgonjwa: Kipimo cha Upasuaji wa Sainasi ni Nafuu Anayoipata

Katika kliniki za masikio, pua na koo, swali "Upasuaji umekwendaje?" huulizwa kila siku, na mara nyingi hujibiwa na mtu mmoja tu, yaani daktari aliyeshika vifaa. Naye husema umekwenda vizuri, kwa maana kwamba damu haikutoka nyingi, jicho na ubongo havikuguswa, na mianya iliyokuwa imeziba sasa i wazi. Hayo ni mambo makubwa na hayapaswi kubezwa. Lakini mgonjwa hakuja hospitalini kwa ajili ya mianya. Alikuja kwa sababu halali usiku, kwa sababu kamasi humshukia kooni tangu alfajiri, kwa sababu uso unamuuma na mboga anayoipika mwenyewe haina harufu. Ikiwa miezi sita baada ya upasuaji mambo hayo yapo vilevile, mianya iliyo wazi itamfaa nini?

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuieleza, ingawa si nyepesi kuitekeleza. Upasuaji wa sainasi kwa njia ya endoskopu upimwe kwa nafuu ya dalili. Nafuu hiyo aitaje mgonjwa mwenyewe, dalili moja baada ya nyingine. Na iandikwe katika faili kabla ya upasuaji na baada yake. Tena, kabla mgonjwa hajatia saini fomu ya ridhaa, aelezwe ni dalili ipi inayotarajiwa kupungua sana, ipi huenda ikapungua kidogo, na ipi ambayo hakuna wa kumwahidi.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya mifupa ya uso wa binadamu kuna vyumba vya hewa viitwavyo sainasi. Viko jozi nne: mashavuni, kwenye paji la uso, kati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Vyumba hivi vimetandikwa utando laini unaotoa ute, na juu ya utando huo kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo husukuma ute kuelekea kwenye mianya myembamba inayofungukia puani. Utando ukivimba, mianya huziba, ute hukwama, na mtu huanza kuugua.

Mafua ya kawaida huisha kwa siku kadhaa. Tunazungumzia sainasi sugu pale dalili zinapodumu wiki 12 au zaidi. Miongozo ya kimataifa inataka mgonjwa mtu mzima awe na dalili mbili au zaidi, na mojawapo iwe kuziba kwa pua au kutokwa na kamasi, mbele au kwa kushuka kooni. Nyingine ni maumivu au uzito wa uso, na kupungua au kupotea kwa uwezo wa kunusa. Kisha daktari athibitishe kwa kutazama ndani ya pua kwa endoskopu au kwa picha ya sitiskani. Baadhi ya wagonjwa huwa na uvimbe laini unaoning'inia, ambao watu wetu huuita nyama za pua, wengine hawana.

Msomaji wa Dodoma anaijua vizuri hewa anayoivuta. Nyanda hizi za kati hupata mvua kidogo, milimita zipatazo 570 kwa mwaka kwa mji wa Dodoma, na karibu yote hunyesha kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu, na kuanzia Julai upepo hubeba vumbi jekundu kutoka mashambani na barabarani. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, ujenzi nao umeongeza vumbi la mawe na saruji. Vijijini, katika tembe na jikoni kwingi, moshi wa kuni hauna mahali pa kutokea zaidi ya mlango. Sisemi kwamba vumbi na moshi pekee ndivyo chanzo cha kila sainasi sugu. Mzio, pumu, meno yaliyooza na maumbile ya pua navyo vina sehemu yao. Ninachosema ni kwamba mgonjwa wetu akitoka chumba cha upasuaji anarudi kwenye hewa ileile, na jambo hilo lina uzito katika hesabu ya nafuu.

Upasuaji hufanya nini, na haufanyi nini

Upasuaji huu una historia fupi. Mwanafizikia Mwingereza Harold Hopkins ndiye aliyebuni, mwishoni mwa miaka ya 1950, mfumo wa lenzi ulioiwezesha fimbo nyembamba kuonyesha picha angavu kutoka ndani ya mwili. Huko Graz, Austria, Walter Messerklinger alichunguza jinsi ute unavyosafiri ndani ya sainasi, akaonyesha kwamba hausafiri ovyo, bali huelekea kwenye mwanya wa asili wa kila chumba. Kutokana na ugunduzi huo, katika miaka ya 1980, Heinz Stammberger huko Graz na David Kennedy nchini Marekani walieneza njia ya kufungua mianya hiyohiyo ya asili kupitia tundu la pua, bila kuchana uso wala kung'oa utando wote.

Kiini cha wazo hilo ni kurudisha kazi ya pua. Ni sawa na mkulima wa Bahi anayezibua mfereji wa jaruba lake la mpunga: maji yaliyotuama hupata njia. Lakini kuzibua mfereji hakuzuii tope la msimu ujao. Vivyo hivyo, upasuaji haubadilishi tabia ya utando unaovimba kwa sababu ya mzio au kwa sababu nyingine za ndani ya mwili. Unafungua njia ili ute utoke na, jambo ambalo wengi hawaambiwi, ili dawa iingie. Maji ya chumvi na dawa ya kupuliza ya steroidi, ambavyo kabla ya upasuaji viliishia mlangoni, sasa vinaweza kufika mahali palipo na ugonjwa. Kwa hiyo mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji kisha akaacha dawa amepata njia bila kuitumia.

Hapa ndipo matumaini mengi huvunjika. Mtu ameuza ng'ombe au ametumia akiba ya alizeti ya msimu mzima, akasafiri kutoka Kondoa, Kongwa au Manyoni, akalazwa, akapasuliwa. Moyoni mwake amelipia kupona. Akipewa chupa ya dawa ya kupuliza na kuambiwa aitumie kwa miezi, huona ama amedanganywa ama upasuaji umeshindikana. Hakudanganywa na upasuaji haukushindikana, ila hakuelezwa mapema kwamba alichokilipia ni sehemu ya kwanza ya matibabu.

Utafiti unatuambia nini

Ushahidi juu ya nafuu ya dalili haukosekani. Mwaka 2009 ulichapishwa nchini Marekani uchambuzi uliokusanya tafiti 21 zenye wagonjwa 2,070 waliofuatiliwa kwa wastani wa miezi karibu 14 baada ya upasuaji huu. Faida ya kazi hiyo ni kwamba haikuishia kuuliza kama mgonjwa amepona au hajapona. Ilitazama kila dalili peke yake. Kuziba kwa pua ndiko kulikopungua kuliko dalili nyingine zote. Kamasi kushuka kooni na maumivu ya uso vilifuatia. Uwezo wa kunusa na maumivu ya kichwa navyo vilipata nafuu, lakini kwa kiwango kidogo zaidi.

Uingereza walifanya hesabu ya kitaifa iliyohusisha wagonjwa zaidi ya 3,000 waliopasuliwa mwaka 2000 na 2001. Walitumia dodoso lenye maswali 22, kila swali likipewa alama kuanzia 0, yaani hakuna shida, hadi 5, yaani shida mbaya kabisa. Jumla ya juu kabisa ni 110. Kabla ya upasuaji wastani ulikuwa 42. Miezi mitatu baadaye ulishuka hadi 25.5, na baada ya miaka mitano ulikuwa 28.2. Watafiti hao hao walionyesha kwamba tofauti ya alama zipatazo 9 ndiyo ndogo kabisa ambayo mgonjwa mwenyewe huihisi katika maisha yake. Kwa hiyo nafuu ilikuwa ya kweli na ilidumu. Lakini ndani ya miaka hiyo mitano, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alihitaji kupasuliwa tena.

Mwaka 2025 likachapishwa katika jarida la Lancet jaribio jingine la Uingereza lenye watu zaidi ya 500. Waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi sita kuliko waliotibiwa kwa dawa pekee, ilhali antibiotiki ya muda mrefu, klarithromaisini, haikuonyesha faida ya maana kuliko dawa bandia. Wahudumu wa zahanati na wauza maduka ya dawa walitafakari jambo hili. Ni wagonjwa wangapi wa pua wanaokuja kwetu wakiwa wamekwisha kumeza antibiotiki raundi tatu au nne bila hata mara moja kuelekezwa namna ya kuosha pua? Kila raundi isiyo ya lazima humpunguzia mgonjwa fedha, na huwafunza vimelea kustahimili dawa ambazo kesho tutazihitaji kwa homa ya mapafu ya mtoto.

Tafiti hizi zimefanyika mbali na Mlima wa Simba wa hapa mjini, kwa watu wanaovuta hewa nyingine na walio na daktari wa familia jirani. Zinatuonyesha mwelekeo, lakini hazituambii mgonjwa wa Mpwapwa anaendeleaje. Hilo ni sisi tu tunaoweza kulijibu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ilizinduliwa mwaka 2015. Kanda hii haina tena kisingizio cha kusema kwamba maswali ya namna hii ni ya kuulizwa Muhimbili peke yake.

Vidole vitano vya mkono

Najua pingamizi litakalotolewa. Kliniki ina foleni, daktari mmoja ana wagonjwa wengi, dodoso la maswali 22 litachukua muda ambao haupo. Wapo pia wazee ambao hawakusoma, na ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kigogo, Kirangi au Kinyaturu kabla ya kuwa Kiswahili. Pingamizi hili ni la kweli, lakini halitoshi.

Kwa utafiti rasmi tunahitaji dodoso kamili lililotafsiriwa na kuthibitishwa kwa utaratibu wake. Kwa kazi ya kila siku yanatosha maswali sita. Je, pua inaziba? Je, unatokwa na kamasi puani? Je, kamasi hushuka kooni? Je, uso unauma au ni mzito? Je, unasikia harufu? Je, unalala vizuri? Kila swali lijibiwe kwa vidole vya mkono mmoja: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna shida kabisa, vidole vyote vitano maana yake shida imezidi kiasi. Hakuna mtu mzima asiyeweza kujibu hivyo, na muuguzi anaweza kuyauliza wakati anapopima presha. Namba sita ziandikwe kwenye kadi, na tarehe pembeni. Mgonjwa akirudi baada ya miezi mitatu, kisha sita, kisha mwaka, aulizwe yale yale kwa maneno yale yale, na asionyeshwe kwanza majibu yake ya awali.

Faida ya kwanza ni kwa mgonjwa mwenyewe. Kumbukumbu ya maumivu huchuja haraka. Mtu aliyekuwa na vidole vitano kwa pua kuziba, leo ana viwili, anaweza kuketi mbele yako akasema "sijapona" kwa kuwa bado ana hivyo viwili. Ukimwonyesha kadi, anaona safari aliyoitembea. Na yule ambaye namba zake hazikusogea anakuwa na ushahidi wa kudai achunguzwe upya, badala ya kuambiwa kwamba picha inaonekana safi, aende nyumbani.

Faida ya pili ni kwa daktari. Kadi mia moja za namna hiyo zitamwambia mambo ambayo hawezi kuyajua kwa kukumbuka tu, kwa kuwa sisi sote hukumbuka zaidi wagonjwa waliorudi kutushukuru. Wale ambao hawakupata nafuu mara nyingi hawarudi. Hukata tamaa wakaenda kwingine, au kwa mganga. Kwa hiyo kuuliza hakutoshi bila kuwatafuta wasiorudi, na siku hizi simu ipo karibu kila nyumba.

Kuahidi kwa kipimo

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba kumweleza mgonjwa mipaka ya upasuaji kunamvunja moyo. Mimi naona kinyume chake: kinachovunja moyo ni ahadi iliyozidi. Dalili mbili zinahitaji maneno ya uangalifu zaidi.

Ya kwanza ni maumivu ya kichwa. Katika mazungumzo ya mitaani, "nina sainasi" limekuwa jina la kila kichwa kinachouma mbele. Lakini mtu mwenye maumivu ya kichwa pekee, asiyezibwa pua wala kutokwa na kamasi, mara nyingi ana tatizo jingine: kipandauso, msongo, macho yanayohitaji miwani, pengine shinikizo la damu. Kipandauso chenyewe huweza kuleta uzito wa uso na hata machozi na kamasi jepesi, kikamchanganya mtu. Kumpasua mgonjwa wa namna hiyo ni kumwingiza katika hatari bila tumaini la maana. Picha ya sitiskani isitumike kama kisingizio, kwa kuwa utando ulionenepa kidogo huonekana hata kwa watu wasio na malalamiko yoyote. Picha ni ramani ya kumwongoza mpasuaji, na lazima ipatikane kabla ya upasuaji. Haigeuki kuwa sababu ya upasuaji pasipo dalili.

Ya pili ni harufu. Wengi huihesabu kuwa dalili ndogo, mpaka waikose. Mama asiyenusa hajui maziwa yamechacha au nyama imeanza kuharibika. Nyumba nyingi za mjini sasa zinapikia gesi ya mtungi, ambayo imetiwa harufu makusudi ili uvujaji ugundulike. Asiyenusa hana mlinzi huyo. Harufu hurudi kwa baadhi ya wagonjwa baada ya upasuaji, hasa wenye nyama za pua, lakini haitabiriki, na kwa wengine hurudi kisha ikapotea tena. Basi mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi, na wakati huohuo ashauriwe kuhusu usalama wake: mtungi ufungwe kila baada ya kupika, na mwanafamilia anayenusa vizuri ndiye awe mwangalizi wa chakula.

Kuna pia kundi ambalo ugonjwa hurejea kwa urahisi zaidi: wale wenye nyama za pua pamoja na pumu, na hasa wanaobanwa kifua wakimeza aspirini au dawa za maumivu za jamii hiyo. Hawa waelezwe tangu mwanzo kwamba uhusiano wao na kliniki ni wa miaka. Na yule ambaye dalili zake ziko upande mmoja tu wa pua, au anatokwa damu, au ana ganzi ya shavu au jicho linalotokeza, asingoje wiki 12 za mtu yeyote. Apelekwe kwa bingwa mapema, kwa kuwa huenda si sainasi ya kawaida. Pengine ni jino lililooza, pengine ni uvimbe wa saratani.

Kazi inayobaki nyumbani

Wiki za kwanza baada ya upasuaji mara nyingi huonekana mbaya kuliko kabla yake. Pua huziba kwa magamba ya damu na uvimbe, na mgonjwa asiyeonywa hudhani ameharibiwa. Aambiwe asipenge kwa nguvu, apige chafya akiwa amefungua mdomo, aepuke kubeba mizigo mizito kwa muda atakaoelekezwa, na aanze kuosha pua kama daktari atakavyopanga.

Kuosha pua kunahitaji neno la ziada kwa watu wa nyanda za kati. Kipimo kinachotumika sana ni nusu kijiko cha chai cha chumvi safi kwa kikombe cha maji cha mililita 250, na kwa anayesikia mwasho, chembe ya magadi ya kuokea huongezwa. Maji lazima yawe yamechemshwa mpaka yakatokota vizuri, kisha yakapoa na kuwa vuguvugu. Baadhi ya visima vyetu vina maji ya chumvichumvi, na nimesikia watu wakisema yanafaa puani moja kwa moja kwa kuwa "yana chumvi tayari". Hayafai. Ladha ya chumvi haiui vimelea. Nchini Marekani, mwaka 2011, watu wawili wa jimbo la Louisiana walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa yaliyokuwa na amiba inayoingia ubongoni. Jambo hilo ni adimu sana, lakini kuchemsha maji hakugharimu kitu ukilinganisha na maisha. Chombo kinachotumika kioshwe na kuanikwa kila mara.

Dawa ya kupuliza nayo ina namna yake: inamisha kichwa kidogo, elekeza ncha upande wa nje, kuelekea jicho la upande huohuo, wala si kwenye ukuta wa katikati ya pua, na usivute kwa nguvu. Mgonjwa anayehisi dawa yote imeshuka kooni ameivuta mno. Mhudumu yeyote wa zahanati anaweza kulifundisha hilo kwa dakika mbili, na ningependa lifundishwe kwa vitendo, mgonjwa akionyesha mbele yetu, badala ya kukabidhiwa kikaratasi.

Dalili za hatari zikumbukwe na wote nyumbani: damu isiyokoma, jicho kuvimba au kuona viwili au kuona giza, maji meupe kama ya mvua yanayodondoka puani mtu akiinama, homa yenye kichwa kikali na shingo ngumu. Madhara makubwa ya upasuaji huu ni machache, chini ya mmoja kati ya mia katika hesabu ile ya Uingereza, lakini macho na ubongo viko jirani, na anayeona mojawapo ya dalili hizi arudi hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nani afanye nini

Nimalizie kwa mapendekezo, kwa kuwa hoja isiyo na mwenye kuitenda hubaki maneno.

Kwa wapasuaji: kadi ya dalili sita iwe sehemu ya faili kama ilivyo fomu ya ridhaa. Pasipo namba za kabla, upasuaji usipangwe, isipokuwa wa dharura. Na kila mwaka idara ikae, isome kadi zake zote, za walionufaika na za wasionufaika, na iseme hadharani ilichokiona.

Kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya: ninyi ndio mlio karibu na mgonjwa. Mgonjwa wa Kondoa hatarudi Dodoma kila mwezi kwa nauli yake ili tu aulizwe maswali sita. Lakini anaweza kuulizwa na ninyi, na majibu yakatumwa. Mkifanya hivyo, mtagundua anayerudi nyuma kabla hajafikia kupasuliwa mara ya pili.

Kwa wapangaji wa huduma: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Naomba jambo moja lizingatiwe. Kulipia upasuaji bila kulipia dawa ya kupuliza na mahudhurio ya baadaye ni kulipia nusu ya tiba, na nusu hiyo peke yake huweza kupotea ndani ya mwaka mmoja. Dawa hizi zipatikane katika hospitali za wilaya, ili mgonjwa asilazimike kuchagua kati ya nauli ya kuzifuata mjini na chakula cha nyumbani.

Na kwako wewe mgonjwa: kabla hujakubali kupasuliwa, muulize daktari wako, ni dalili yangu ipi itakayopungua, kwa kiasi gani, na nitatakiwa kufanya nini baada ya hapo? Kuuliza hivyo si kumkosea heshima. Daktari anayeijua kazi yake atafurahi, na akisema "hili siwezi kukuahidi", usimdhanie hajui. Kisha nenda nyumbani, hesabu vidole vyako kwa kila dalili, ziandike, na uzitunze hizo namba. Siku utakapoulizwa upasuaji umekwendaje, jibu litakuwa lako.